Sifa, 3. Bado

Jumapili, njiani

Basi lilitakiwa kutoka Mombasa saa kumi na mbili asubuhi. Limetoka saa moja kasorobo, kwa sababu ya mtu mmoja na magodoro yake manne. Mimi mzigo wangu ni mkoba tu. Ndani mna nguo za siku chache, shilingi 4,000 alizonipa mama, na daftari la kurasa 32, lile ambalo jalada la nyuma lina jedwali la kuzidisha. Daftari ni la mdogo wangu. Amefariki Lamu miezi miwili iliyopita, ana miaka 24, na aliyatumia makaratasi haya kuandikia madeni.

Alizaliwa na selimundu, ambayo mtaani kwetu hakuna anayeiita hivyo, tunasema sikoseli. Ni maradhi ya kurithi, lazima uyapate kwa baba na kwa mama pia. Chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, zinanasa kwenye mishipa, na pale zinaponasa ndipo maumivu yanapopiga. Yeye alichukua kwa wote wawili. Mimi nilipopimwa nikaonekana nimechukua upande mmoja tu, na daktari akanieleza kwa furaha kabisa kwamba wenye upande mmoja malaria kali haiwawezi sana, ndiyo maana huku pwani tuko wengi. Kitu kilichomuua ndugu yangu, mimi kinanilinda na mbu. Nimekaa na habari hiyo miaka na bado sijui niiweke wapi.

Sikumzika. Simu ilipigwa usiku, nikapanda basi la asubuhi, wao wakamswalia baada ya Alasiri kama inavyotakiwa, na mimi nikafika Magharibi. Nilioneshwa udongo. Kesho yake nikarudi Mombasa, na tangu siku hiyo sijaweka paji langu chini.

Mama yangu yeye alisema Alhamdulillahi. Habari ilipomfikia alikaa juu ya kibao cha mbuzi jikoni, akasema inna lillahi, halafu akasema neno hilo. Siku ya khitma mama mmoja jirani akamsomea hadithi ile ya malaika wanaoulizwa: mmeichukua roho ya mtoto wa mja wangu, mmelichukua tunda la moyo wake, naye alisema nini? Wanajibu, amekuhimidi. Basi mjengeeni nyumba Peponi, na muiite Nyumba ya Sifa. Wanawake wakalia kwa kupata nafuu. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji hadi walipomaliza.

Hadithi niliyoielewa ni ile nyingine, kwamba roho ya muumini hubaki imetundikwa na deni lake mpaka alipiwe. Hiyo iko katika lugha yangu. Mimi ni karani bandarini Kilindini, nalipwa kuangalia kama kilichoandikwa ndicho kilichoshuka.

Malindi tumekunywa chai. Tumevuka Sabaki, maji mekundu kama kawaida yake. Kutoka Minjila hadi Witu tumeteremshwa kwenye vizuizi kuonesha vitambulisho sijui mara ngapi, lakini lami ipo, na waliosafiri njia hii enzi za vumbi watanielewa nikisema sina malalamiko. Mokowe tumeingia saa tisa kasoro. Kwenye boti nilienda kukaa mbele, nikarowa hadi kiunoni. Aliwahi kuniambia nisikae mbele.

Jumatatu

Nimelala Langoni, chumba cha juu, dirisha linatazama ua la punda. Wanaosema Lamu ni kimya kwa vile haina magari hawajalala juu ya punda.

Orodha niliyonayo, kama alivyoiandika:

Misumari 1,450. Punda 500. Fundi simu 300. Viazi 230. Kahawa 60. Halafu chini, peke yake: Sifa – 3. Bado.

Nilianza na kubwa. Mwenye duka la misumari akafungua daftari lake, akaweka kidole, 1,450, sawasawa. Alipokea, akahesabu, akasema Mungu amrehemu, akamgeukia mteja mwingine. Namshukuru mtu yule kuliko wote wa leo. Fundi simu naye hivyo hivyo.

Mama wa viazi karai alikuwa na karai motoni, uso umejaa unga. Nilipomweleza mimi ni nani aliweka mwiko chini. Akasema yeye hajui 230 wala hajui 30, kijana yule alikuwa akila, akilipa, na siku ambayo hana alikuwa akimsagia ukwaju. Nikamwonesha maandishi. Akasema hajui kusoma. (Baadaye kidogo nikamwona akisoma ujumbe kwenye simu yake.) Pesa niliziacha chini ya bakuli la pilipili.

Mwenye punda alinifanyia hesabu ya tripu saba, mbao kutoka ufukweni, akataka 700. Daftari linasema 500. Tukabishana vizuri, kwa sauti, mbele ya watu, hadi nikagundua kwamba nafurahia. Kwa miezi miwili kila mtu amekuwa akizungumza nami kama mgonjwa. Tukamalizana kwa 550.

Jioni alikuja mtu nisiyemjua, amevaa fulana ya mpira, akasema marehemu alimkopa 3,000. Hakuna maandishi, hakuna shahidi, na hakuweza kunitajia mdogo wangu alikuwa akitumia mkono upi. Nikamwambia aje na mtu mmoja. Hakurudi.

Muuza kahawa nilimkuta Mkunguni, mbele ya Ngome, dele mkononi, vikombe vinagongana. Wazee wamekaa chini ya miti wanasemana. Ngome hiyo ilianza kujengwa 1813 hivi ikamalizika 1821, na ukiwatazama wale wazee utadhani baadhi yao walikuwepo. Nikampa 60. Akanimiminia kikombe, nikanywa, akasema sasa ni 70. Nikatoa kumi.

Jumanne

Siku nzima nimeitafuta sifa.

Kwa wasiokaa na vyombo: sifa ni mafuta ya papa. Ini huachwa hadi litoe mafuta, nayo hupakwa kwenye mbao za jahazi zisinyonye maji wala zisipasuke kwa jua. Harufu yake haina mfano. Mdogo wangu alikuwa akijifunza ufundi wa madau Matondoni, kwa hiyo mimi, karani, nikasoma mstari ule nikaona madumu matatu ya sifa, hayajalipwa.

Nimeuliza ufukweni, nimeuliza sokoni, nimeelekezwa kwa mzee aliyekwishaacha biashara, nikaelekezwa kwa mwanawe. Mwishowe nikampata muuzaji, anakaa mwisho wa Langoni kwenye kibanda cha makuti ambacho hakihitaji kibao, pua inakufikisha. Akanisikiliza akiwa anafunga dumu kwa kipande cha plastiki.

"Madumu matatu? Hapana, kaka. Marehemu alikuwa akinunua kwa pesa mkononi, na bei ananilalamikia."

"Imeandikwa bado."

"Basi ameandika ya muuzaji mwingine."

Hakuna mwingine. Nimeuliza. Jioni nimepita karibu na Riyadha, msikiti aliouanzisha Habib Swaleh, na vijana walikuwa wanatoka darasani. Kila mwaka wakati wa Maulidi mdogo wangu alikuwa akinipigia simu kutoka kwenye uwanja huo ili nisikie matari, anainua simu juu, hasemi kitu, na mimi ofisini nasikia mkwaruzo tu. Nilikuwa nakata baada ya dakika moja. Muda wa hewani si wangu, lakini nilikuwa nakata.

Jumatano, Matondoni

Nimekwenda kwa miguu, kama saa mbili, mchanga na minazi. Kusi limeshalegea na jua lina meno.

Matondoni utaisikia kwanza, nyundo mbili au tatu haziendi pamoja. Fundi wa mdogo wangu ni mzee mwembamba, amekaa ndani ya mbavu za chombo, mataruma yamesimama kumzunguka. Mkononi ana keekee, ile ya upinde, anatoboa ubao kabla ya kupiga msumari ili usipasuke. Upinde unakwenda na kurudi, unga wa mbao unatoka mwembamba kama tumbaku ya kunusa, naye anaupuliza bila kuacha kuvuta. Halafu msumari unavingirishwa nyuzi za pamba zilizolowa mafuta, unapigwa. Nilisimama nikahesabu misumari kumi na mmoja kabla hajanitazama.

"Ndoo," akasema. "Kae hapa. Una mato yake." Kwa Kiamu, lahaja ya Lamu: njoo, una macho yake.

Nikampa daftari. Alilisoma kwa mbali, mkono umenyooka. Alipofika chini akacheka kidogo, kisha hakucheka tena.

"Hii si sifa ya papa, mwanangu. Hii ni sifa ya Mngu."

Ilikuwa hivi. Dau la mwisho alilolifanya mdogo wangu lilikuwa la mvuvi wa Kizingitini. Ndilo la kwanza ambalo fundi alimwachia achonge jicho, lile duara linalopachikwa kila upande wa omo, mbele ya chombo, ili chombo kione njia. Alichonga mawili, yakapasuka, akachonga tena. Katikati ya kazi maumivu yakampiga, akalala wiki mbili. Aliporudi akasema mbele ya mafundi wote: dau hili likishuliwa nami nikiwa hai, namfungia Mwenyezi Mungu siku tatu, za kumsifu. Fundi akamwambia, wewe? Akasema, mimi.

Hapo nikalazimika kumweleza mzee wa watu jambo ambalo sikupenda kulitamka. Mwenye sikoseli hatakiwi kukaukiwa maji. Maji yakipungua mwilini damu inakuwa nzito, na hapo ndipo zile chembe zinanasa. Kwa hiyo mdogo wangu hakuwahi kufunga Ramadhani hata moja. Kila mwaka mama alimlipia fidia, kibaba cha mchele kwa kila siku, anampelekea kikongwe mmoja mtaani. Mchana wa Ramadhani mtoto alikuwa akinywa dawa zake na maji yake nyuma ya mlango wa jikoni ili wenzake wasimwone. Nikiwa na miaka 15, yeye ana tisa, nilimfungulia mlango ule mbele ya marafiki zangu nikasema, oneni kobe, jina la anayekula kwa siri mchana wa Ramadhani. Walicheka. Na yeye alicheka, bilauri mkononi.

Fundi alikuwa amerudi kwenye keekee yake. Akasema dau lilishuliwa, likapigiwa dua, watu wakala wali. Wiki iliyofuata kijana akala daku akafunga. Ilipofika Alasiri midomo imekuwa nyeupe. "Nikamshika shingo nikamnywesha kwa lazima," akasema. "Akalia. Si kwa maumivu. Akaniambia, mzee, umeniharibia moja. Nikamwambia utafunga Mngu akupe afya." Mwezi mmoja baadaye maumivu yakapanda kifuani, siku mbili tu.

Nikamuuliza hilo dau liko wapi. Akaelekeza kwa kidevu, baharini, upande wa Pate. "Linafanya kazi."

Jumatano, usiku

Sikulala. Baada ya Isha nilimfuata mwalimu mmoja wa madrasa, mtu mzima, nilimkuta barazani anakata kucha. Nikamuuliza kama nadhiri ya maiti inalipika. Akasema saumu iliyombakia maiti, walii wake, yaani jamaa yake wa karibu, anaweza kumfungia au kumtolea kibaba kwa kila siku, na yote mawili yana njia kwa wanavyuoni wetu. Kwa aliyeweka nadhiri ya jambo asiloliweza kuna maneno marefu zaidi, kama nina haraka nitoe vibaba vitatu nirudi Mombasa nimestarehe.

Nikasema nitafunga.

"Unaswali?"

Nikanyamaza.

"Saumu haitembei peke yake," akasema, akaendelea na kucha.

Nikamwambia, kwa ukali ambao hakuustahili, kwamba ile siku tuliyompoteza ndugu yangu abiria walikuwa wanacheka ndani ya basi, na redio ilikuwa inatangaza mpira. Hakuna kilichosimama. Alifikiri kidogo. Akaniambia Mtume alipofiwa na Ibrahim, mtoto ambaye hajafika hata miaka miwili, jua lilipatwa siku hiyo hiyo, na watu wakasema ni kwa ajili ya msiba. Ilikuwa rahisi kuwaacha waamini hivyo. Akawaambia hapana, jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kuishi kwake. "Na alilia," mwalimu akasema. "Alimbeba mtoto akalia, watu wakamshangaa. Kwa hiyo wewe lia. Jua liache."

Alhamisi

Daku: mahamri mawili na maji mengi. Nimeswali Alfajiri nyuma kabisa, karibu na viatu, kama mtu aliyeingia bila tiketi. Nimekosea kusoma, nikarudia.

Nimefunga Ramadhani zote tangu utoto na sikumbuki kama nimewahi kuisikia kiu. Leo nimeisikia kwa saa. Saa nne haijafika. Saa saba iko kwenye ulimi. Saa tisa imeingia nyuma ya macho, na saa hiyo hiyo ndiyo aliyonyweshwa yeye kwa lazima. Nilikuwa nimekaa jetini natazama punda akishushiwa mchanga, nikataka sana kusimamishwa na mtu.

Nia nimeinuia kwa ajili yake, za kumsifu Mungu kama alivyosema. Mimi kama mimi sina sifa ya kutoa, na sikudanganya kwamba ninayo. Nimebeba ya mwenzangu, kama tunavyobeba shehena ya mtu: imefungwa, ina jina la mwenyewe, mimi sifungui.

Magharibi mama wa viazi ameniletea uji wa pilipili manga na tende. Nani kamwambia, sijui. Lamu hii.

Ijumaa

Kimya. Nimelala mchana sana, nimeswali Ijumaa, kichwa kiliuma.

Nimempigia mama. Nikamweleza habari ya nadhiri. Alikaa muda mrefu bila kusema, nikasikia kuku wa jirani. Kisha akauliza, "Siku aliyojaribu, alifika saa ngapi?" Nikasema Alasiri. "Alasiri!" akasema mama, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mtoto huyo alipopata alama nzuri za hesabu darasa la sita. "Alifika Alasiri!"

Nilipokata simu nikagundua kwamba na mimi nilikuwa nimejivuna.

Jumamosi

Ya mwisho nimeifunga Matondoni. Nilidhani nitakaa tu kivulini, fundi akanipa nyuzi za pamba na nyundo butu, akanionesha kukalafati: unasukuma pamba kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, taratibu, isijae sana, isipwaye. Mikono ya karani. Nilijigonga mara nne. Mafundi wakanitania kwa Kiamu chao cha haraka hata sikuambulia nusu, ila jina la ndugu yangu nililisikia kila dakika, wanalitaja tu, kama mtu aliyeingia mjini kununua sigara. Kwetu Mombasa tumeacha kulitaja ili mama asilie. Hapa lilikuwa linapita hewani na hakuna aliyepasuka.

Mmoja akaniletea jicho. Lilikuwa limetupwa kwenye vipande vya kuni, duara la mti ukubwa wa sahani ya chai, ufa umepita katikati. La kwanza alilolichonga. Pembeni alikuwa amepima kwa kalamu ya risasi, mistari midogo midogo, na mahali alipokosea amefuta kwa mate, doa bado liko. Nimelitia kwenye mkoba.

Jua lilizama upande wa bara. Fundi akanipa kata ya maji kutoka mtungini. Nilikuwa nimenuia kusoma dua vizuri, yote, kwa ajili yake. Maji yalipopita kooni, baridi, yakaniteremka kifuani, nikasema Alhamdulillahi kabla sijajua nani anasema. Kata ilikuwa bado ina maji. Nikanywa tena.

Usiku nimefungua daftari, nimepiga mstari juu ya ile 3. Neno la mwisho nimeliacha kama lilivyo.

Jumapili, jetini

Boti ya Mokowe ilikuwa imejaa na injini imeshawashwa. Safari hii nimekaa nyuma. Nikasikia mtu anapiga kelele, we kaka wa marehemu, we wa Mombasa! Muuza sifa, kikoi amekishika mkononi, anatweta.

"Nimekumbuka," akasema. "Nusu dumu. Siku waliyolishua lile dau. Aliniambia ataleta Ijumaa, nami nikasahau, wallahi nimesahau."

"Shilingi ngapi?"

"Wala sikuja kudai. Nimekuja useme nimesamehe."

Nikamwambia hapana, pokea. Akasema hapokei. Nahodha akasema nyinyi wawili amueni, maji yanatoka. Nikamtupia noti tatu za mia juu ya kamba, akaziokota, akanirudishia moja kwa kuiviringisha kwenye jiwe, ikaangukia mapajani mwa mama aliyekaa pembeni yangu. Akaishika kwa ncha za vidole, akainusa, akafunika pua kwa buibui.

"Astaghfirullah," akasema. "Ni nini hii?"

"Sifa," nikamwambia, nikatoa daftari nikaandika: nusu dumu, 200, imelipwa.